Mkoba wa Memsaab

Minayo mama,

Msusi ameniambia atamaliza kichwa chako saa kumi. Mimi nawajua wasusi, kwa hivyo nimeegesha Probox upande wa pili wa barabara, nikanunua fulskepu na kalamu kwa yule mama wa magazeti, na sasa nakuandikia nikiwa nimeweka karatasi juu ya usukani. Ukiona mwandiko umeruka mahali, ujue ni askari wa kanjo, hawa wa baraza la mji, amegonga dirisha akitaka nisogee. Nimesogea mara moja tayari, na atarudi tu, kwa sababu hawa watu wakiona mtu ametulia ndani ya gari lake wanahisi ameiba kitu.

Mambo ya safari sitayagusa. Koti unalo, karatasi zako ziko tayari, na shangazi yako amekueleza baridi ya Kanada mpaka mtu atafikiri amewahi kuishi huko, na hata Uganda hajavuka. Ninaandika kwa sababu tangu Alhamisi wewe na mimi tunaongea kama wapangaji wa ploti moja. Chai iko. Funga mlango. Nimerudi. Ulisema nimekuaibisha pale kliniki. Ulinivuta mkono wa shati mbele ya foleni nzima, "Dad, please, twende tu," kama mtu anayemtoa mlevi baa. Na tulipofika kwenye gari ukasema hutakanyaga tena kliniki yoyote ukiwa na mimi.

Kesho usiku unapanda ndege. Sitaki uondoke ukidhani baba yako ni mzee wa kuwafokea madaktari kwa kupenda kelele. Sababu ninayo. Sikukuambia yote, na hata sasa ninapoiandika nimekasirika, kwa hivyo unisamehe kalamu ikitoboa karatasi.

Unajua kwa nini nakuita mama. Jina lako ni la mama yangu, na tangu ukiwa mchanga nimekuheshimu kama yeye, hata ulipokuwa ukinitapikia begani. Sasa niambie, mwanamume anaanzaje kumwambia mama yake habari za matiti? Nilijaribu. Ulipojiunga na chuo nilikuja hadi hosteli na maneno yangu yakiwa yamepangwa vizuri, nikaishia kukuuliza kama blanketi zinatosha. Mwaka uliofuata nikamtuma shangazi yako. Akaniahidi ataongea nawe, na kweli aliongea, lakini aliongea habari za wanaume wa chuoni. Miaka ikaenda hivyo. Basi leo nitaliandika neno lenyewe, titi, na nitaliandika tena na tena, na ukiona haya wakati wa kusoma, ujue mimi nimeona haya kukushinda.

Ulikuwa mtoto tulipokuwa kwa Memsaab, yule mama wa kizungu, lakini lile shamba unalikumbuka, shayiri kutoka njia ya Njoro mpaka karibu ufike Elburgon, na yale mambwa. Wafanyakazi walimwita Mama Mbwa, na nadhani alijua. Mimi nilikuwa dereva wake, na mama yako alikuwa jikoni kwake. Hakuwa mtu mbaya. Shamba lilitulipia sote matibabu kwenye kliniki moja pale mjini, ile ile aliyotibiwa yeye. Daktari mmoja, kiti kimoja, mlango mmoja. Nataka ulishike hilo vizuri, kwa sababu watu wakisikia habari hii hukimbilia kuniambia, "Mzee, hiyo ilikuwa pesa tu." Haikuwa pesa. Pesa ilikuwa ikitoka mfuko mmoja.

Na daktari mwenyewe alikuwa mtu wetu kabisa, mweusi kuliko mimi. Kila mwaka shayiri ikishavunwa alimwandikia Memsaab aende Nairobi kupigwa picha ya matiti. Alimsindikiza mpaka kwenye gari. Aliinama dirishani akasema, "Madam, usisahau, every year," kisha ananigeukia, "Dereva, hakikisha amefika." Nami nilihakikisha. Niliijua safari ile kuliko siku ya kuzaliwa kwangu. Nilijua siku ya picha mtu hapaki poda kwapani, kwa sababu poda huharibu picha, na nilimkumbusha asubuhi kabla ya kuwasha gari. "Memsaab, poda hapana?" Naye anacheka, "Poda hapana, Elphas." Tukifika, ananipa mkoba wake ninakaa nao kwenye benchi la nje, mkoba wa ngozi, mzito kama jeki, umejaa biskuti za mbwa. Wauguzi walinizoea. Waliniita wa mkoba.

Siku moja niliwapeleka kliniki pamoja, Memsaab na mama yako. Binti ya Memsaab pia alikuwepo, yule aliyekuwa akija likizo kutoka ng'ambo. Alikuwa rika la mama yako, walipishana miezi tu. Alikuwa amekwenda kutibiwa sikio. Sikio, Minayo. Akatoka na dawa ya sikio na barua ya kwenda Nairobi kupiga picha ya matiti. Daktari alimwambia kwa umri wake ni vizuri aanze. Mama yako alikuwa amekwenda kupimwa presha. Na kwa sababu alikuwa amewasikia hao wawili wakizungumza pale kwenye viti, aliuliza. Ninataka ujue aliuliza. Mama yako hakuwa mtu wa kunyamaza, unamjua.

Alinisimulia baadaye vile ilivyokuwa. Alisema, "Daktari, na mimi je, hiyo picha?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama Minayo, umenyonyesha watoto wangapi?"

"Watatu."

"Na ukawanyonyesha kabisa, sio chupa?"

"Sasa daktari, chupa ningetoa wapi?"

Akacheka. "Basi wewe uko sawa. Hiyo ni magonjwa ya hawa wazungu. Wao hawanyonyeshi. Sisi Mungu alituumba strong. Wewe chunga presha, upunguze chumvi."

Mama yako alitoka pale akitembea kama amepewa zawadi. Memsaab akamuuliza ndani ya gari, "Rodah, yeye sema nini?" Mama yako akajibu, "Amesema mimi niko sawa, Memsaab." Na mimi niliyekuwa nimeshika usukani nilifurahi. Nilijiona nimeoa mwanamke wa chuma. Wiki hiyo nilipeleka shayiri Eldoret, na tulipolala Salgaa niliwasimulia madereva wenzangu, tukacheka mpaka mama wa hoteli akatuongezea supu. Tulisema wazungu wana pesa lakini miili yao ni ya karatasi. Nikikumbuka kicheko hicho hutamani kujipiga kofi.

Safari ya Nairobi tulikwenda wanne, kwa sababu Memsaab alitaka mama yako amsaidie kununua vitu vya jikoni. Wao wawili, Memsaab na binti yake, wakaingia. Mama yako na mimi tukakaa benchi la nje. Mkoba ulikuwa mapajani mwangu, na mama yako alikuwa amebeba mandazi ya nyumbani ndani ya kiondo, tukawa tunakula. Mlango ukafunguliwa, akachungulia msichana mwenye koti jeupe. Akamtazama mama yako akasema, "Next? Ni wewe, mathe?"

Mama yako akaweka mkono mdomoni kwa kucheka, mandazi yalikuwa bado mdomoni. "Mimi? Ai, hapana. Sisi ni wa mkoba."

Yule msichana naye akacheka, akafunga mlango. Hakuwa na ubaya. Alimwona mwanamke wa umri ule nje ya chumba kile akadhani amekuja kupigwa picha, ndivyo akili ya kawaida inavyofanya kazi. Kati ya watu wote waliowahi kumwona mama yako, wenye digrii na wasio nazo, ni yeye peke yake aliyemuuliza, na aliuliza kwa kukosea. Ninaurudia mlango huo kichwani nikiwa naendesha, nikiwa kanisani, nikiwa nanyoa ndevu. Mashine ilikuwa upande wa pili. Mtu angesimama tu aingie.

Sijui kama siku hiyo tayari alikuwa na ugonjwa. Nilimuuliza baadaye daktari aliyekuja kumtibu Nairobi na yeye akasema hawezi kuapa, lakini pengine. Hilo "pengine" ndilo ninaloishi nalo.

Uvimbe wenyewe aliupata msimu uliofuata, akioga. Hakuniambia mara moja, na aliponiambia alizunguka kama mimi ninavyozunguka, alianza na habari za kuni. Akarudi kwa daktari wetu. Yule mtu alibonyeza kwa vidole viwili juu ya blauzi. Juu ya blauzi! Mimi nikikuletea gari linalogonga chini, utasikiliza ukiwa umesimama barabarani? Akamwambia ni maziwa ya zamani yameganda, akampa vidonge, arudi baada ya mwezi. Akarudi. Akaambiwa tungoje tuone. Akangoja. Mara ya tatu akaambiwa ni mawazo, apumzike. Kumbuka hakuwa anaomba tena picha ya kujikagua akiwa mzima. Alikuwa na kitu mkononi, anamwonyesha, na yule daktari alikuwa ameshaamua mwanamke wa aina yake haugui ugonjwa wa aina hiyo. Ukishaamua hivyo, hata ukiwekewa mbele ya macho utaona maziwa.

Aliyestuka ni Memsaab. Alimkuta jikoni akishindwa kuinua sufuria. Akaniita.

"Elphas. Rodah iko gonjwa. Mimi ona."

"Ndiyo, Memsaab. Daktari amesema ni maziwa."

"Maziwa ya nini? Mtoto kwisha kuwa mkubwa." Akakaa kwenye ngazi na mbwa wake. "Lakini yeye sema mimi kila mwaka. Binti yangu pia. Yeye hapana ambia Rodah?"

"Rodah alimuuliza, Memsaab. Daktari akamwambia ni ugonjwa wa wazungu."

Uso wake ulibadilika rangi mpaka nikaogopa. Miaka yote hiyo alikuwa akidhani kila mwanamke anayeingia kliniki ile anaandikiwa kama yeye. Haikuwahi kumpitia akilini aulize, na mimi sikumlaumu sana, kwa sababu na mimi sikuwahi kuuliza. Aliingia ndani, akapiga simu, na nikamsikia kupitia dirishani akimfokea daktari kwa Kiingereza ambacho sijawahi kukisikia tena kwa mwanamke mzee. Kesho yake tukaenda Nairobi. Alikataa kiti cha mbele. Alimweka mama yako mbele na yeye akajikunja nyuma.

Sasa nitakuambia lile ambalo hata shangazi yako halijui. Tulipofika, Memsaab na mama yako walishuka, mimi nikabaki kwenye gari. Nilisema kanjo wa Nairobi ni wabaya, watafunga gurudumu. Nafasi ya kuegesha ilikuwepo, tena ya bure. Niliogopa, Minayo. Niliogopa benchi lile. Nilikaa nikasafisha kioo, nikaangalia oili, nikapangusa dashibodi ambayo nilikuwa nimeipangusa asubuhi. Walikaa ndani muda mrefu. Nilipoishiwa na vitu vya kusafisha nikaingia mpaka mwanzo wa ile korido, na nikamwona Memsaab amekaa kwenye benchi langu, peke yake, ameshika kiondo cha mama yako mapajani kwa mikono miwili.

"Elphas, wewe iko wapi?"

"Nachunga gari, Memsaab."

Akanitazama. "Gari hapana gonjwa," akasema. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningekuwa nimeshasahau.

Miaka yote nilishika mkoba wa mwajiri wangu. Wa mke wangu sikuushika hata siku moja, kwa sababu siku zilizofuata pia nilikuwa na gari la kuchunga.

Yaliyobaki unayajua. Ulikuwa kidato cha pili. Tulimzika mama yako kule Maragoli mvua ikinyesha, na daktari wetu alituma mchango, bahasha nzuri nyeupe, na watu wakasema ana roho safi. Miezi michache baadaye nilikwenda kliniki kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote. Nikakaa foleni kama mgonjwa, nikaingia, akaniuliza bila kuinua macho, "Mzee, unasumbuliwa na nini?" Nikasema, "Kifua." Sijui neno hilo lilitoka wapi. Akanisikiliza mgongo, akaandika, nikatoka na chupa ya dawa ya kikohozi. Nilikaa kwenye gari nikainywa robo, na sikuwa na kikohozi.

Kwa hivyo mtu uliyemsikia Alhamisi alikuwa amechelewa miaka kumi na mitano.

Daktari aliyemtibu mama yako Nairobi alikuwa mwanamke, mnene, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Siku ya mwisho aliniita pembeni. Aliniambia wanawake wetu mara nyingi hushikwa mapema kuliko wazungu, wakiwa bado wadogo, na kwamba mtu akiambiwa rangi yake inamkinga, anaambiwa uongo. Kunyonyesha kunasaidia kidogo, alisema, lakini sio ngao. Kisha akauliza, "Una binti?" Nikasema ndiyo. "Mlete miaka kumi kabla ya umri ambao mama yake aliugulia. Usingoje uvimbe. Na usingoje daktari mwingine akuambie, kwa sababu hatakuambia." Mama yako aliugua akiwa na miaka arobaini na mmoja. Mwezi wa nane unatimiza thelathini na mmoja. Nimekuwa nikihesabu siku zako za kuzaliwa kwa namna ambayo wewe huijui.

Ndiyo maana Alhamisi, tulipokwenda kwa ule uchunguzi wa safari, nilikuambia kwenye gari, "Muulize pia ile ya mama yako." Ukatazama nje. Nilidhani ni jambo dogo, daktari mpya, kijana, kliniki mpya yenye vioo. Ukaingia. Ukatoka ukiwa umeshika mlango kwa mkono wa kushoto na tabasamu usoni.

"Amesemaje?"

"Amesema niko young. Na pia sisi Waafrika hiyo sio shida sana, niache stress."

Minayo, ulikuwa na uso wa mama yako. Sio kufanana tu. Ulikuwa na ile furaha yake, furaha ya mtu ambaye daktari asiyemgusa amemwambia yuko sawa. Sikumbuki nikisimama. Nakumbuka nikiwa tayari mle ndani nimeshika ukingo wa meza yake.

"Umemuuliza mama yake alikufa na nini?" nikamwambia.

"Mzee, relax. Kuna watu wanangoja."

"Nimekuuliza, umemuuliza?"

"Mzee wangu, haya mambo yana guidelines."

"Angekuwa mzungu ungemuuliza! Ungemwandikia hata kama amekuja na sikio!"

Hapo ndipo alipocheka kidogo, akainua mikono. "Sasa mzee unaleta mambo ya rangi, na mimi na wewe wote ni weusi?"

Ndipo ukanivuta shati. Tangu Alhamisi ninatafuta jibu la kumpa, na nimelipata hapa kwenye usukani, limechelewa kama kawaida yangu. Ndiyo, sote ni weusi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Hatukubaguliwa na mzungu. Mzungu hakuwemo chumbani. Mtu mweusi alimtazama mwanamke mweusi akaona ngozi, akaridhika, asimuulize hata swali moja ambalo angemuuliza yule mwingine. Na alifanya hivyo kwa upole, akitabasamu, akidhani anatusifu. Tukisifiwa kwamba sisi ni wa chuma, hakuna anayetupeleka kukaguliwa. Lile gari la Memsaab lilipelekwa servisi hata likiwa halina kelele, na mimi ndiye niliyelipeleka, wala sikuona kitu.

Sasa unakwenda mahali ambapo daktari atakuwa mzungu, na pengine mweusi katika chumba kile utakuwa wewe peke yako. Sijui atakuwa mtu wa namna gani. Labda atakuwa mzuri kuwashinda hawa wetu wote. Labda naye ameshaambiwa sisi ni wa chuma. Sitakufundisha jinsi ya kuongea naye, Kiingereza chako kimepita changu zamani. Ninachotaka ni kimoja, useme, "Mama yangu alikufa kwa saratani ya titi akiwa na miaka arobaini na miwili." Useme hata kama hajauliza. Useme hata kama umekwenda kutibiwa sikio. Na akikuambia uko sawa, umuulize amejuaje. Ukiona haya, kumbuka kuna mzee Nakuru ambaye aliona haya akanywa dawa ya kikohozi.

Kanjo amerudi. Nimemwambia namwandikia binti yangu anayesafiri kesho, akatazama karatasi, akasema, "Sawa mzee, malizia." Kumbe na wao wana roho.

Nimalizie basi. Jana nilimpigia simu yule daktari wa kike. Bado yuko. Sijui kama alinikumbuka kweli au ana adabu tu, lakini nilipotaja jina la mama yako aliuliza una miaka mingapi. Nikamwambia. Akasema, "Mlete kesho kutwa asubuhi kabla hajapanda ndege." Kesho kutwa ya jana ni kesho. Ndege yako ni usiku, na mimi nilikuwa nimeshakuambia tutatoka alfajiri kwa sababu ya foleni za malori. Foleni ni kweli, lakini haikuwa sababu yote.

Sitakupeleka kwa nguvu. Nimebeba watu maisha yangu yote na najua tofauti ya abiria na mzigo. Tukishaingia Nairobi kuna mzunguko mmoja, ukikata kushoto ni hospitali, ukienda moja kwa moja ni uwanja wa ndege. Ukisema tupite, tutapita, na hutasikia kelele kutoka kwangu. Hasira nitarudi nayo Nakuru, nimezoea kuibeba. Lakini naomba, mama yangu. Mara hii naomba kama mtoto. Nimemzika mmoja aliyeambiwa yuko sawa.

Huna haja ya kunijibu kwa mdomo, kwa sababu najua bado umenuna, na barua hii nitaiweka tu juu ya sanduku lako. Kama umekubali, kesho asubuhi usipake ile roll-on yako. Daktari hajaamua ni mashine gani atatumia, lakini amesema uje bila chochote kwapani. Ukiingia kwenye gari bila harufu ya maua, nitajua, na sitasema kitu, nitawasha tu gari.

Naona mlango wa saluni umefunguliwa, na yule pale ni wewe, kichwa kimependeza kweli, unanitafuta upande ule nilioegesha kwanza. Nitakupigia honi. Kesho nitaliacha gari popote patakapopatikana nafasi, na wakitaka kufunga gurudumu wafunge, wafunge yote manne. Utakapoitwa jina utaingia, na mimi nitakuwa nje ya mlango kwenye benchi, nimeshika mkoba wako.

Baba yako,
Elphas